Kulala mlimani: Usiku wa bandani hudai tahadhari kuliko kilele

WATU wengi wanaojiandaa kupanda Mlima Kenya huhofia miamba, barafu na ule mwinuko wa mwisho wa kuelekea kilele cha Lenana. Ni wachache mno wanaofikiria usiku watakaoulala njiani. Ilhali ni usiku huo, ndani ya banda lenye baridi, ambapo mwili hupata mtihani wake mkubwa.

Tuchukue mfano. Vijana sita wanaofanya kazi jijini Nairobi wanaondoka Ijumaa alfajiri. Wanaingia mbugani kupitia lango la Sirimon na kulala Old Moses, mita 3,300 juu ya usawa wa bahari. Jumamosi wanatembea kutwa hadi Shipton's, mita 4,200. Mpango wao ni kuamka saa nane usiku, wafike Lenana (mita 4,985) jua likichomoza, na Jumatatu asubuhi wawe kazini.

Saa nne usiku mmoja wao analalamika kichwa kinamuuma. Amekataa chakula na anakohoa. Wenzake wanasema: "Amechoka tu. Mwacheni alale."

Je, wamesema kweli? Somo letu la leo linahusu jibu la swali hilo.

BANDA SI HOTELI

Mabanda ya mlimani ni makazi ya kujisitiri tu. Ndani mna vitanda vya orofa kama vya bweni la shule, magodoro na meza za kulia chakula. Usitarajie moto wa kupasha chumba. Choo kiko nje, na pimbi huzunguka wakitafuta mabaki ya chakula. Usiku wa manane, maji yaliyoachwa nje huweza kuganda.

Basi banda hukukinga upepo na mvua. Halikukingi upungufu wa hewa, na huo ndio adui wa kwanza.

HEWA HABA

Jiji la Nairobi liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukifika mita 4,200, kila pumzi unayovuta hukupa oksijeni kiasi cha asilimia 60 tu ya ile ambayo mtu wa Mombasa huipata. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, lakini huhitaji siku kadhaa. Hauharakishwi kwa ujana wala kwa mazoezi. Kwa kweli, vijana wenye nguvu ndio huumia mara nyingi kwa kuwa hupanda mbio.

Maradhi ya mlimani huanza saa chache baada ya kufika juu, aghalabu jioni au usiku. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida. Kanuni ni rahisi: anayeumwa na kichwa mlimani huhesabiwa kuwa na maradhi ya mlimani hadi ithibitike vinginevyo. Asipande zaidi hadi apone. Akizidiwa, ateremke.

Usiogope ukisikia mwenzako usingizini akipumua haraka, kisha akanyamaza kwa sekunde kadhaa, kisha akavuta pumzi kwa nguvu. Upumuaji wa aina hiyo ni wa kawaida huko juu. Lakini asipewe dawa za usingizi wala pombe, kwani hizo huweza kupunguza nguvu ya kupumua wakati mwili unaihitaji zaidi.

DALILI ZISIZONGOJA ASUBUHI

Kuna hali mbili ambazo huweza kuua kwa muda wa saa chache.

Ya kwanza ni mapafu kujaa maji. Mgonjwa hutweta hata akiwa amekaa kitako, hukohoa, kifua humbana, na midomo huweza kugeuka rangi ya samawati. Baadaye hutoa makohozi yenye povu, pengine ya rangi ya waridi. Hali hii hupenda kuzidi usiku, hasa usiku wa pili mtu akiwa juu.

Ya pili ni ubongo kuvimba. Mgonjwa huchanganyikiwa, huzungumza ovyo, au huyumba kama mlevi. Mpime hivi: mwambie atembee kwa mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Asipoweza, ni hatari.

Tiba ya hali zote mbili ni moja, nayo ni kuteremka mara moja, hata kama ni usiku. Ateremshwe angalau mita 300 hadi 1,000, akisindikizwa na mwelekezi anayeijua njia, tochi zikiwaka, na amevikwa nguo za joto. Kama kuna oksijeni, apewe, lakini isiwe sababu ya kuahirisha safari. Kumwacha alale ili aonekane asubuhi ni kosa ambalo huenda lisirekebishike.

JIKO LIKAE NJE

Baridi ikizidi, hujitokeza mtu mwenye wazo la kuingiza jiko la makaa au stovu ndani na kufunga milango. Msomaji, wazo hilo lishauawa wengi hata mijini, katika vyumba vilivyofungwa msimu wa baridi.

Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hii haina harufu wala rangi. Fikiria damu yako kama matatu inayobeba abiria anayeitwa oksijeni. Kaboni monoksidi hupanda, hukalia viti vyote na kukataa kushuka. Oksijeni hubaki kituoni. Mlimani, ambako abiria huyo tayari ni haba, madhara huja upesi zaidi.

Tatizo ni kwamba dalili zake hufanana na maradhi ya mlimani: kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito. Mnapoona watu kadhaa wa chumba kimoja wanaumwa kwa pamoja baada ya moto kuwashwa, msibahatishe. Zimeni moto, fungueni milango, tokeni nje nyote. Pikeni nje au mahali palipotengwa kwa upishi penye hewa ya kutosha, na kamwe msipeleke makaa chumba cha kulala.

JOTO LA KWELI

Joto la usiku hutoka mwilini mwako mwenyewe. Mara ufikapo bandani, vua kila kilicholowa, hata soksi, uvae vikavu ulivyovihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki. Vaa kofia. Kula chakula cha kutosha, kwa kuwa chakula ndicho kuni za mwili. Tandika kitu kizito chini yako, kwani baridi hupenya kutoka chini pia. Jaza maji ya moto katika chupa isiyovuja, ivishe soksi na uiweke ndani ya mfuko wako wa kulalia.

Pombe hudanganya. Hukufanya uhisi joto kwa kuipeleka damu kwenye ngozi, ambako joto hilo hupotea. Anayetetemeka bado anapigana na baridi. Anayeacha kutetemeka huku akizungumza kwa kujikokota yumo hatarini. Apashwe joto polepole, alazwe, na asiachwe peke yake.

MAJI NA CHOO

Maji ya kijito kilicho karibu na banda yanaweza kuonekana safi kama kioo, lakini wageni wengi wamepita hapo kabla yako. Kwa mita 4,200 maji huchemka kwenye nyuzijoto 86 hivi, si 100. Bado joto hilo linatosha kuua viini, almuradi uyaache yachemke kwa dakika tatu. Kwa sababu iyo hiyo maharagwe hayaivi upesi huko. Beba vyakula vyepesi kupika. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, na ufunge chakula vizuri ili panya na pimbi wasikifikie.

NANI AMWONE DAKTARI KWANZA?

Wenye maradhi ya moyo au mapafu, kina mama wajawazito, na walio na ugonjwa wa selimundu wasipande bila idhini ya daktari. Kwa wengi wenye selimundu, jibu litakuwa hapana, kwa kuwa upungufu wa oksijeni huamsha maumivu makali. Hata mtu aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, na haugui, yafaa aulize.

Ipo dawa iitwayo asetazolamidi ambayo huusaidia mwili kuzoea. Huanzwa siku moja kabla ya kupanda, kwa ushauri wa daktari. Mwambie iwapo dawa za salfa hukudhuru.

TURUDI SHIPTON'S

Je, yule kijana amechoka tu? Wenzake hawawezi kujua mpaka wamchunguze. Je, anatweta akiwa amekaa? Je, anaweza kutembea kwa mstari? Kama jibu la kwanza ni ndiyo au la pili ni hapana, safari ya Lenana imekwisha na safari ya kushuka ianze saa iyo hiyo. Kama ni kichwa na kichefuchefu tu, akae, anywe maji, ameze dawa ya maumivu, na mtu mmoja alale karibu naye akimwangalia kila baada ya muda. Saa nane usiku ikifika naye hajapona, asiende kileleni.

Hata hivyo, kosa lao lilianzia Nairobi, pale walipopanga safari kwa kalenda ya ofisi. Kanuni inayotumiwa na madaktari ni kwamba ukipita mita 3,000, pahali pa kulala pasizidi mita 500 juu ya pale pa jana. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900. Anayepitia Naro Moru, kutoka Met Station (mita 3,050) hadi Mackinder's (mita 4,200), huruka mita 1,150 kwa siku moja. Dawa yake ni usiku mmoja zaidi katika banda la chini. Mchana panda juu kidogo ukatembee, jioni urudi ulale chini.

Siku hiyo moja huenda ikakugharimu ruhusa ya kazi na pesa za ziada. Lakini waelekezi wa mlimani hawachoki kuwaambia wageni "pole pole", na wanajua wanalolisema. Kilele hakihami. Kitakungoja.