Figo Mbili

Mwenyezi Mungu alimwumba mwanadamu na figo mbili, moja kuume na moja kushoto, karibu na uti wa mgongo. Kazi yake ni kuchuja damu na kuutoa uchafu wake kwa mkojo. Figo moja iliyo nzima yatosha kwa kazi hiyo. Lakini zikiharibika zote mbili, mwili huvimba, na mtu asipopata msaada hufa.

Msaada ni wa namna mbili. Wa kwanza ni mashine ya kuchuja damu, ambayo kwa kawaida hutumiwa mara tatu kila juma. Wa pili ni kupewa figo ya mtu mwingine. Jambo hili lilifaulu katika mji wa Boston, Marekani, Desemba 1954, Ronald Herrick alipompa figo Richard, pacha wake. Katika Tanzania lilifanyika kwanza Muhimbili, Novemba 2017; mwaka uliofuata likafanyika Dodoma, katika hospitali ya Benjamin Mkapa.

Mwili una walinzi wake, nao huishambulia figo ngeni. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa za kuwatuliza walinzi hao. Tena matabibu hupima kwanza jamii ya damu, kisha alama ndogo zilizo katika mwili. Mtoto hurithi nusu ya alama hizo kwa baba na nusu kwa mama. Hivyo ndugu wa baba na mama mmoja wana bahati moja katika nne ya kulingana kabisa. Nje ya jamaa, watu wa asili moja huelekea kufanana zaidi. Huko Uingereza watu wa asili ya Afrika na Asia, walio wachache, hungoja figo muda mrefu kuliko Wazungu, kwa kuwa watoaji wa asili yao ni haba. Basi kabila dogo, kama Wagorowa wa Babati, lina sababu kubwa ya kulifikiri jambo hili.

Mfano wake ni huu. Katika nyumba moja ya Singe kijana aliugua figo. Jamaa wakakutana. Babu akasema, "Mtu huzikwa mzima kama alivyozaliwa."

Wote wakanyamaza. Kisha dada wa mgonjwa akasema kwa adabu, "Babu, neno lako tumelisikia. Lakini tukikaa hivi, tutamzika kaka na figo zake mbili mbovu, na mimi nitabaki na mbili nzima. Je, mmoja wetu atakuwa amepata faida?"

Babu akainama kitambo. Akasema, "Nendeni mkapimwe. Lakini mtu asilazimishwe, wala asilipwe. Maana kitu kinunuliwacho si zawadi tena."

Babu alisema kweli. Kupasuliwa kuna maumivu na hatari yake. Kwa hiyo mtoaji hupimwa sana, na awe mtu mzima aliyekubali kwa moyo wake. Yohana Mbatizaji aliwaagiza wenye nguo mbili kugawana na maskini. Atoaye figo hugawana kilicho karibu zaidi kuliko nguo.

Maswali

1. Figo hufanya kazi gani?
2. Kwa nini ndugu hupimwa kwanza?
3. Babu aliweka masharti gani, na kwa nini?