SOMO: MATUMIZI YA KASHA LA NJE LA DISKI NGUMU
Watumishi na wakazi wa Moshi na vijiji vya mlimani wanakumbushwa kwamba kompyuta ya mezani inapoharibika, kumbukumbu zake aghalabu husalia salama ndani ya diski ngumu. Diski hiyo, ya inchi 3.5, huweza kutiwa katika kasha la nje na kusomwa na kompyuta nyingine kwa waya wa USB. Kwa kuwa huhitaji volti 12, na USB ya kawaida hutoa volti 5 tu, kasha sharti liwe na adapta yake ya umeme.

Diski iliyoteremshwa kutoka baridi ya Marangu iachwe kwanza izoee joto la Moshi, isije ikashika unyevu. Kompyuta ikiomba kuifomati, ikataliwe. Kisha kumbukumbu zinakiliwe mahali pa pili, kwani kasha si nakala.