Nguo Zinazomsaidia Mgonjwa wa Kiharusi



Wengi wetu tumemwona mtu wa namna hii. Jana alikuwa shambani analima. Leo mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki sawasawa. Majirani wanasema amerogwa. La, hakurogwa! Huo ni ugonjwa wa kiharusi. Uchunguzi uliofanyika wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kuwa ugonjwa huu upo mjini na kijijini pia.

Leo tutajifunza juu ya nguo zilizobuniwa kumsaidia mgonjwa huyo. Kisha tutaona zinatufundisha nini sisi ambao hatunazo.

Kiharusi ni nini?

Ubongo ndio unaoamrisha viungo vyote. Mshipa wa damu ukiziba au ukipasuka ndani ya ubongo, sehemu fulani huharibika. Ikiharibika sehemu ya kushoto, mkono na mguu wa kulia hupooza. Basi mguu wenyewe si mbovu. Kilichokatika ni amri ya ubongo.

Nguo hizo zinafanyaje kazi?

Kuna nguo zinazopima. Katika kitambaa hufumwa nyuzi zilizopakwa madini ya fedha, ambazo hupitisha umeme kidogo sana. Mgonjwa akinyoosha mkono, uzi huvutika na umeme hubadilika. Kifaa kidogo huhesabu mkono umenyooshwa mara ngapi. Hivyo mtaalamu anajua kama mgonjwa anafanya mazoezi nyumbani, au anatumia ule mkono mzima tu.

Kuna nguo nyingine zinazosaidia kutembea. Conor Walsh na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitengeneza vazi la kitambaa la kufunga kiunoni na mguuni. Kiunoni kuna mota ndogo. Waya kama ule wa breki ya baiskeli hushuka mpaka kwenye kiatu. Mgonjwa akipiga hatua, waya humsaidia kujisukuma mbele, kisha huinua vidole visiburute chini. Mwaka 2017 walitangaza kuwa wagonjwa walitumia nguvu pungufu kwa kiasi cha asilimia 10, kuliko walipotembea vazi likiwa limezimwa. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliruhusu vazi la aina hiyo litumike katika vituo vya mazoezi.

Je, nguo ndiyo inayoponya?

Hapana. Nguo ni msaidizi tu. Kinachomrudishia mgonjwa nguvu ni kurudia mazoezi mara nyingi. Njia ya porini hutokea kwa kupitwa kila siku. Ikiachwa, majani huifunika. Ubongo nao ni hivyo hivyo. Sehemu iliyo nzima inaweza kujifunza kazi ya ile iliyoharibika, lakini mpaka izoeshwe. Mgonjwa anayeachwa kitandani mwaka mzima, nani atamzoesha?

Sisi tufanye nini?

1. Ukiona dalili tulizotaja, mpeleke mgonjwa hospitali saa ile ile. Usingoje kesho. Usimpe chakula wala maji kabla hajachunguzwe kama anaweza kumeza.

2. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, ulizeni hospitali afanye mazoezi gani na mara ngapi kwa siku.

3. Msimfanyie kila kitu. Ashike kikombe, achambue maharage, ajifunge vifungo. Shati lake la kawaida nalo ni mwalimu. Akivaa, aanze na mkono uliopooza. Akivua, huo uwe wa mwisho.

4. Msimnyanyue kwa kumvuta mkono uliolegea. Bega linaweza kuumia.

5. Pimeni shinikizo la damu, hata kama hamuumwi. Likiwa juu kwa muda mrefu, huleta kiharusi. Aliyepewa dawa asiache kwa sababu amejisikia nafuu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mkono wa kulia unaweza kupooza wakati ugonjwa uko kichwani?

2. Waya wa vazi la Harvard unamsaidia mgonjwa kufanya mambo gani mawili?

3. Je, kijijini kwenu yuko mgonjwa wa kiharusi anayelala tu ndani? Kesho mtamwanzisha na kazi gani ndogo?