Mashamba ya Mwea Hayakuhama

Wanaomwandikia mpima ardhi wetu kutoka pande za Mlima Kenya kuhusu kanzidata za ramani wana malalamiko mengi. Safari hii amechagua yale yanayomkera zaidi.

Ramani ya zamani ya mashamba ya mpunga ikiwekwa juu ya picha ya setilaiti, mifereji inasogea takriban mita 300. Nani alikosea? (Barua tatu: Wang'uru, Kerugoya, Karatina)

Si mpima wa zamani. Alitumia Arc 1960, mfumo unaotegemea umbo la dunia la Clarke la 1880, ilhali GPS hutumia WGS 84. Kwa Mwea, iliyo UTM kanda ya 37 kusini, namba za kutambulisha mifumo hiyo (SRID) ni 21037 kwa wa kwanza na 32737 kwa wa pili. Anayetumia PostGIS aiulize kanzidata yenyewe:

SELECT DISTINCT ST_SRID(geom) FROM mashamba;

Kisha atafute namba hiyo katika jedwali la spatial_ref_sys. Zikitoka namba mbili, asishangae. Jedwali moja laweza kubeba data za watu wawili.

Kinachomchosha mtaalamu ni mafundi wanaofundisha kwamba ST_SetSRID hubadilisha mfumo. Haibadilishi hata sentimita! Inabandika lebo tu, sawa na kumimina mchele wowote kwenye gunia lililoandikwa pishori. Anayekokotoa viwianishi upya ni ST_Transform, naye huiamini lebo anayoikuta. Shamba la karibu na Wang'uru huwa na mashariki ya 316,000 hivi na kaskazini ya 9,925,000 hivi. Likibandikwa 32637, ya kanda ya kaskazini, litatua karibu na Ncha ya Kaskazini, na kosa hilo kila mtu ataliona. La hatari ni kuandika 32737 mahali pa 21037: ramani inapendeza, mpaka umeingia kwa jirani. Lebo isahihishwe kwanza, ndipo ST_Transform iitwe.

Jibu la ST_SRID likiwa 0?

Hakuna aliyejaza. Viwianishi kama 37.35 na -0.68 ni digrii, yaelekea 4326. Vikiwa mita, itafutwe faili ya .prj au karatasi ya upimaji, kwa maana 21037 na 32737 hazitofautishwi kwa macho.

Picha ya skrini inatosha kujua SRID?

Hapana.

Nanyuki ikweta inapita mjini. Kaskazini au kusini?

Kanda moja kwa mradi wote. Ikichaguliwa ya kusini, upande wa pili wa ikweta namba ya kaskazini huvuka 10,000,000, na hesabu hubaki sahihi.