Kuhara Nyumbani: Kununua, Kuchanganya na Kunywesha ORS

Miongoni mwa maradhi yanayoanza kutibiwa nyumbani, kuhara ni mojawapo ya yale yanayodanganya sana. Asubuhi mtoto anacheza. Kesho yake amelegea na macho yameingia ndani. Kinachomdhuru kwa haraka ni kupotea kwa maji na chumvi zinazotoka pamoja na choo. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kurudisha kilichopotea, nayo hupatikana kwa bei ndogo katika maduka ya dawa: pakiti ya unga wa ORS, ambayo wengi huiita chumvichumvi. Katika somo hili tutakaa zaidi kwenye kipimo cha maji, kwa kuwa hapo ndipo dawa nzuri huharibikia mikononi mwa mnunuzi.

Ndani ya pakiti mna vitu vinne: chumvi ya kawaida, sukari ya glukosi, chumvi ya potasiamu na sitrati. Sukari haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Ukuta wa utumbo hupokea glukosi na sodiamu kwa pamoja, na maji huzifuata; njia hiyo huendelea kufanya kazi hata mtu anapohara sana. Lakini lazima vipimo viwe sawa. Maji yakipungua, kinywaji huwa kikali, huweza kuzidisha kuhara, na chumvi ikizidi katika damu ya mtoto ni hatari. Maji yakizidi, mtoto hunywa lakini harudishiwi chumvi ya kutosha.

Basi kabla ya kulipa, soma pakiti. Zipo za lita moja, za nusu lita na za mililita 200, na kwa kutazama juu juu si rahisi kuzitofautisha. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha uibonyeze kwa vidole: unga uliogandamana umeingiwa na unyevu, usiupokee. Muuzaji akikwambia "tia kwenye glasi moja", mwombe akuonyeshe maneno hayo kwenye pakiti. Ni haki yako kuuliza.

Nyumbani, usikadirie kwa kikombe wala jagi. Kwa pakiti ya lita moja, tumia chupa ya maji ya kunywa iliyoandikwa lita 1, au mbili za nusu lita. Jihadhari na ile ya lita moja na nusu, kwani imezoeleka majumbani na ni rahisi kuijaza bila kufikiri. Nawa mikono kwa sabuni, pima maji yaliyochemshwa na kupozwa, tia pakiti nzima, ukoroge hadi unga uyeyuke wote. Kugawa pakiti nusu kwa nusu ili kubana matumizi si akiba, kwa sababu unga wenye vitu vinne haugawanyiki sawasawa kwa jicho. Usiongeze sukari, juisi wala soda, na usichemshe baada ya kuchanganya. Funika chombo. Yatakayobaki baada ya saa 24 yamwagwe, hata yakionekana safi.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji. Aliyezidi umri huo, mililita 100 hadi 200. Mtu mzima anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Kumnyima chakula eti tumbo lipumzike humdhoofisha tu.

Lipo jambo ambalo mnunuzi hapaswi kufichwa: ORS haifungi choo. Anayeitazamia ifanye hivyo huiacha siku hiyo hiyo na kurudi dukani kutafuta kitu "chenye nguvu", na hapo ndipo fedha hupotea. Kuhara kwingi kwa majimaji hakuhitaji antibiotiki, na dawa za kufunga choo hazifai kwa watoto wadogo. Kinachostahili kununuliwa pamoja na ORS kwa mtoto wa chini ya miaka 5 ni zinki. Hutolewa kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Mwulize mtoa dawa kipimo kinacholingana na umri.

Duka likiwa mbali, anza na uji mwepesi, supu au maji ya wali yaliyotiwa chumvi kidogo. Waweza pia kuchanganya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Onja kwanza: yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Huo ni msaada wa muda hadi pakiti ipatikane.

Mpeleke mgonjwa kituo cha afya bila kungoja kesho ukiona damu katika choo, homa kali, kutapika kila anachokunywa, kushindwa kunywa, usingizi mzito usio wa kawaida, macho yaliyoingia ndani, au ngozi ya tumbo inayorudi polepole ikifinywa. Choo kingi kinachofanana na maji ya mchele huweza kuwa kipindupindu, kwa mtoto na kwa mtu mzima. Beba chupa ya ORS, na ikiwa mgonjwa bado anaweza kumeza, endelea kumnywesha njiani.