Dondoo muhimu: Kuchonga mguu wa kiti uliopinda

Toboa kwanza matundu ya kuungia fremu, mti ukiwa bado mraba. Ukishapinda, jiriwa haitaushika vizuri.

Kata kiolezo cha plaiwudi, ukichore kwenye pande mbili zinazopakana, magoti yote yakielekea kona moja. Pasua upande wa kwanza kwa msumeno mwembamba, lakini usitupe vipande vilivyotoka! Virudishe mahali pake uvifunge kwa selotepu, ndipo upasue upande wa pili. Ndivyo vilivyobeba mchoro wa upande wa pili, tena bila hivyo mguu utayumba mezani huku msumeno ukienda utakako wenyewe.

Kwa patasi au randa, shuka na nyuzi: anzia penye uvimbe, teremkia bondeni, kisha njoo kutoka upande wa pili, mikato ikutane chini. Ukipanda, nyuzi zitachanika. Mninga hauna huruma hapo. Tupa ya mbao ndiyo ifuate, kulainisha kona.

Msasa usubiri. Fumba macho, pitisha kiganja. Mkono hugundua kinundu ambacho jicho limeshakisamehe.

Miguu minne ipeleke pamoja, hatua kwa hatua. Ukimaliza mmoja peke yake, wa nne utatoka na sura ya ukoo mwingine.