Upana wa Mstari: Skrini na Faili

Tuseme mwanafunzi wa Bububu ameweka katika saraka moja ya kompyuta mafaili 18 ya vipimo vya mvua, kila faili likibeba jina la mahali: Bububu, Chwaka, Fuoni, Makunduchi, Mkokotoni na kadhalika. Akiandika amri ls, majina hujipanga kwenye skrini katika mistari 3. Akiandika ls > ../orodha, ili matokeo yaingie katika faili, hupata mistari 18. Amri ni ile ile. Kwa nini umbo limebadilika?

Programu haimwoni msomaji. Kwa hiyo kabla ya kuandika huuliza mfumo endeshi: je, matokeo yanakwenda kwenye terminali? Katika Unix swali hilo huulizwa kwa njia ya isatty. Jibu likiwa ndiyo, programu huuliza dirisha lina nafasi ngapi za herufi, au husoma kigezo kiitwacho COLUMNS. Isipopata jibu, aghalabu hushika nafasi 80. Desturi hiyo inatokana na kadi ya matundu ya IBM ya mwaka 1928, nayo ilirithiwa na terminali kama VT100 ya mwaka 1978.

Hesabu katika namna yake nyepesi ni hii. Jina refu kuliko yote, Makunduchi, lina herufi 10. Tukiongeza nafasi 2 za kutenganisha, kila safu wima huchukua 12. Gawa 80 kwa 12: safu 6 kamili. Majina 18 katika safu 6 ni mistari 3. Programu za leo hupima kila safu peke yake, hivyo huweza kubana zaidi.

Faili halina ukingo. Jina moja katika kila mstari ndilo linaloiwezesha amri ls | wc -l kutoa hesabu sahihi, 18. Anayehesabu mistari ya skrini angeripoti mahali 3 tu.

Hatari zaidi ni programu zinazokata mistari. Amri ps, inayoorodhesha kazi zinazoendelea katika kompyuta, huacha mwisho wa mstari mrefu usionekane kwenye skrini. Na matokeo yanapopelekwa kwenye faili, upana hutofautiana mfumo kwa mfumo. Chaguo ww huiamuru isikate. Basi matokeo yatakayosomwa na programu nyingine yasiachwe kukisiwa upana, utajwe waziwazi.

Zoezi: Dirisha limepunguzwa hadi nafasi 36. Kwa hesabu ile nyepesi, majina 18 yatachukua mistari mingapi kwenye skrini? Na katika faili?